Attracta na Sahani ya Mzee Malachy

Mjini kwetu Carrowbeg watu husema kwamba mdogo wangu Attracta Gildea alitaka kuifunga nyumba ya wazee ya Knockarda kwa sababu mzee mmoja alinyimwa chai. Habari hiyo nimeisikia kwa muuza nyama, nimeisikia nje ya kanisa, na mara moja niliisikia mazishini, hatua chache kutoka kwenye jeneza, kwa mtu ambaye hakuwa hata jamaa wa marehemu. Knockarda haikufungwa. Iko palepale juu ya kilima, na mwaka huu imepakwa rangi. Wala hakuna mzee aliyenyimwa chai. Walikaribishwa chai asubuhi, adhuhuri na jioni, kwa adabu na tabasamu, na hapo ndipo matatizo yalipoanzia.

Jina linalotajwa ni la baba yetu, aliyekuwa mwalimu mkuu wa mji huu na ambaye hakuna mtu aliyewahi kuokota kosa katika maandishi yake. Kwa hiyo nitaeleza jambo hili lilivyokuwa.

Attracta ni wa tatu kwetu. Alikuwa muuguzi huko Sligo mpaka magoti yakamchoka, ndipo akachukuliwa na Mamlaka inayokagua nyumba za wazee. Kazi ilimkubali. Tangu utotoni alikuwa na tabia ya kuingia jikoni kwa watu na kuchungulia chini ya sinki. Mama alimchapa kwa tabia hiyo, na Serikali ikaja kumlipa mshahara kwa tabia hiyohiyo. Hakuolewa. Palikuwa na mhasibu mmoja wa Boyle aliyemkaribisha nyumbani kwake chakula cha jioni, lakini kabla ya supu Attracta alimwonyesha kwamba king'ora chake cha moshi hakina betri. Bwana yule hakumwalika tena.

"Yu hai mpaka leo," Attracta husema. "Bila shaka aliweka betri."

Sheria inamtaka mkaguzi afike bila kutoa taarifa. Wilayani kwetu hilo haliwezekani. Mwenye kituo cha mafuta akiliona gari lake la buluu likipita, hupiga simu, na Attracta akifika mlangoni hukuta sakafu bado mbichi na maua mezani. Kwa sababu hiyo aliacha kuangalia sakafu zamani sana. Huangalia vitu visivyoweza kusafishwa kwa haraka: kucha, visigino vya waliolala siku nzima, kengele ya kuitia kama iko pale mkono unapofika, mlango wa dharura kama unafunguka kwa mtu mwenye baridi yabisi. Na huangalia mikanda. Mkanda wa mzee, kwa maneno yake, hausomi barua za Mamlaka.

Jumanne hiyo ya mwezi Machi alifika Knockarda na kupokewa na meneja, Noreen Scanlan, mwanamke mchapakazi wa Tulsk ambaye familia yake tunaifahamu na haina doa. Sakafu ilikuwa mbichi. Sebuleni, karibu na dirisha, alikaa Mzee Malachy Tuohy, mkulima wa Drumkeel aliyefiwa na mke, mwenye tai shingoni na viatu vilivyong'aa. Mkanda wake ulikuwa na tundu tatu mpya zilizotobolewa kwa msumari, na ncha yake ilikuwa ndefu kiasi cha kuingizwa mfukoni.

"Habari ya hapa, Mzee Malachy?" Attracta alimuuliza.

"Nzuri kupita kiasi. Watu wema mno hawa."

"Chakula je?"

"Chakula kizuri, mama. Kingi mno. Hawatuachi tupumue."

Attracta akaenda kutazama kumbukumbu zake. Tangu aingie mle, Malachy alikuwa amepoteza uzito wa kigunia cha viazi. Kila mlo ulikuwa umeandikwa kwa mwandiko safi: amekaribishwa, amekataa, uamuzi wake umeheshimiwa. Daktari alikuwa amepima damu, koo na matumbo, asione ugonjwa wowote, akaamua kwamba mwili wenyewe umeanza kufunga duka. Mwanawe wa pekee, Fergal, anayeishi Dublin, hakukubali. Alikuwa ameomba baba yake awekewe mrija wa kulishia, wa kupita tumboni, na hospitali ilikuwa imempa Alhamisi ya wiki hiyo.

"Na yeye mwenyewe amesemaje kuhusu huo mrija?" Attracta aliuliza.

"Amesema hataki kumsumbua mtu," Noreen alijibu. "Lakini kama wameshaandaa, basi sawa."

Attracta alipata kuuguza watu wenye mirija ya namna hiyo. Alijua kwamba kwa mwili mkavu kama ule, kisu cha upasuaji chenyewe kingeweza kummaliza kabla ya njaa. Aliomba kiti chumba cha kulia, akakiweka kwenye kona, akakaa na kalamu yake.

Chumba kile kilikuwa na meza ndogondogo, kila mzee na ya kwake, kama wanafunzi kwenye mtihani. Zilitenganishwa wakati wa ule ugonjwa wa dunia nzima, na hakuna aliyezirudisha. Mhudumu wa siku hiyo aliitwa Shiny, msichana wa kusini mwa India, mpole na mwepesi wa miguu. Alifika kwa Malachy na supu.

"Mzee Malachy, nikuwekee supu?"

"Aa, hapana, mwanangu. Usijisumbue."

"Sawa, mzee wangu." Supu ikaondoka. Shiny akarudi na nyama ya nguruwe, kabichi na viazi. "Chakula, mzee?"

"Niko sawa kabisa. Wape wenye njaa."

"Sawa, mzee wangu. Asante kwa kuniambia."

Sahani ikaondoka nayo. Mzee Malachy aliisindikiza kwa macho mpaka kwenye kidirisha cha jikoni, kama mtu anayeagana na mwanawe uwanja wa ndege.

Nadhani hapa lazima niseme jambo ambalo kila mtu wa kwetu analijua na hakuna anayelisema. Sisi ni watoto wa watu waliosalimika na ile njaa kuu ya zamani, na waliosalimika walijifunza kutoionyesha. Kupokea chakula kwa karibisho la kwanza ni kuitangazia nyumba ya watu kwamba kwako hakuna kitu. La pili hukataliwa kwa kumhurumia mwenyeji. La tatu ndilo mtu hupokea, tena kwa sura ya mtu aliyeshindwa nguvu. Mtoto wa Drumkeel huyajua haya kabla hajajua sala zake. Na Malachy, aliyekuwa na chumba chake Knockarda, kitanda chake na picha ya mkewe ukutani, hakuwa mkaazi kichwani mwake. Alikuwa mgeni. Alikuwa amekaa ugenini zaidi ya mwaka, na hakuna aliyemkaribisha mara ya pili.

Attracta aliinuka, akathibitisha kwanza kwamba mzee anaruhusiwa vyakula vigumu, kisha akaenda ofisini.

"Bi. Noreen, njoo umkaribishe Malachy chakula."

"Mimi? Nina fomu zenu hapa, mnazitaka kesho."

"Fomu ni zetu. Zitangoja."

Noreen akaja, miwani bado iko kichwani. "Malachy, utakula kidogo?"

"Hapana, Noreen. Nimeshiba."

Noreen akageuka kuondoka. Attracta akamzuia.

"Wewe umelelewa wapi?"

"Tulsk, na unajua vizuri."

"Basi mkaribishe kama mtu wa Tulsk."

Noreen akairudia meza. Kisha akavuta kiti, akakaa, akaisogeza sahani iliyorudishwa kutoka jikoni. Sauti yake ilibadilika, Attracta aliniambia. Ikawa sauti ya mama yake.

"Malachy, kidogo tu. Cha kuonja."

"Usihangaike, mama. Una kazi nyingi."

"Kimeshapakuliwa hiki. Usipokula wewe nampa mbwa wa mpishi, na mbwa mwenyewe haingii mlangoni kwa unene."

Malachy akaitazama sahani kwa huruma, kama mtu aliyeombwa msaada wa kusukuma gari.

"Basi," akasema, "nisije nikakutia hasara."

Akala. Akala nyama, akala kabichi, akasihiwa juu ya viazi vya pili mpaka akakubali kwa manung'uniko, akapangusa sahani kwa mkate. Shiny alikuwa amesimama na trei mkononi.

"Lakini alisema hapana," akasema. "Namwuliza kila siku. Kila siku anasema hapana."

"Alikuwa anakuheshimu, mwanangu," Attracta akamwambia.

"Kwetu pia mgeni hukataa kwanza. Mara moja. Akikataa ya pili, ameshiba kweli. Ninyi mna hapana ngapi?"

"Inategemea mtu."

"Imeandikwa wapi?"

"Haijaandikwa," Attracta akasema.

Shiny akaweka trei chini. "Amekonda mbele ya macho yangu," akasema, "na mimi namwambia asante."

Mpaka hapo ungedhani mambo yameisha. Lakini Noreen alimwita Attracta ofisini, akafunga mlango, akatoa karatasi kwenye kabati. Ilikuwa ripoti ya ukaguzi uliotangulia. Wakati ule alikuwapo mhudumu mmoja wa hapahapa, Bridie Mannion, aliyelisha wazee kwa kuwasimamia kichwani. "Utakula, na hutanitania," ndiyo ilikuwa sala yake ya kabla ya chakula. Mzee mmoja alikuwa ameshindiliwa kijiko mpaka akatapika. Ripoti ilisema kwamba wakaazi wanashurutishwa, na ikatoa agizo: mkaazi akikataa, akubaliwe papo hapo bila kusihiwa, na iandikwe. Bridie akastaafu na soda na keki. Noreen akawafundisha wahudumu wote upya, na Knockarda ikasifiwa mkoa mzima.

"Soma jina la chini," Noreen akasema.

"Nalijua jina la chini."

"Soma, mama, nisikie."

"Attracta Gildea."

"Basi. Uliniambia wanawasihi mno, nikawakataza kusihi. Leo unaniambia hawasihi. Kesho atakuja mwenzako na karatasi hii mkononi anifungie nyumba. Mimi sibadilishi kitu kwa mdomo. Agizo uliliandika wewe, lifute wewe, kwa jina lako. Ukishindwa, Alhamisi Malachy anakwenda hospitali, na mimi nitakuwa nimefuata sheria mpaka kaburini kwake."

Haya yalisemwa kwa sauti, na mpishi aliyasikia, na ndivyo mji ulivyopata habari zake za chai.

Attracta alimpigia simu mkuu wake. Mkuu alisikiliza, akasema jambo ni dogo.

"Andika kwamba wahudumu wa kigeni hawakufundishwa mila za hapa. Ni kweli, si kweli?"

"Ni nusu."

"Basi andika hiyo nusu. Ile nyingine inakuhusu wewe, na nafasi ya mkuu wa kanda inajazwa mwezi ujao. Nakwambia kama rafiki."

Noreen hakumpa meza ya kuandikia, na sikumlaumu. Attracta akaja kwangu. Nilimpa chumba alichotumia marehemu mume wangu kwa kazi zake za uwakili, chenye meza nzuri. Alikaa bila kuvua koti.

"Dada, nikilifuta hili, watafukua kila ripoti niliyowahi kuandika."

"Zilizo sawa hazitadhurika."

"Na cheo?"

"Baba hakuwa na cheo kikubwa. Tena kumbuka, ukiandika ile nusu, msichana wa watu ndiye atakayefukuzwa kwa kutii neno la Gildea. Mimi nitaendelea kuishi mji huu."

"Wewe unafikiria jina."

"Wewe fikiria mzee. Mimi nitafikiria jina. Karatasi ni moja."

Akaandika. Niliisoma kabla haijatumwa, kwa ajili ya vituo vya uandishi tu. Ilisema kwamba agizo alilolitoa yeye, Attracta Gildea, lilikuwa sahihi juu ya Bi. Mannion na halikuwa sahihi juu ya wakaazi; kwamba wahudumu walilitii kikamilifu, na kupungua uzito kwa wakaazi kulitokana na utiifu huo; kwamba analifuta kuanzia saa ile. Hakukuwa na neno la kigeni wala mgeni ndani yake. Nafasi ya mkuu wa kanda alipewa bwana mmoja wa Athlone ambaye hajawahi kujipinga mwenyewe, kwa kuwa hajawahi kuandika kitu.

Noreen aliipokea karatasi jioni ileile, na Jumatano asubuhi akawaagiza wahudumu wote wakaribishe mara tatu. Agizo lilidumu mpaka uji wa asubuhi. Shiny alifika kwa Bi. Concepta Breheny, aliyekuwa mkuu wa posta kwa muda mrefu na ambaye uji haupendi tangu utawala wa Mwingereza.

"Bi. Concepta, uji?"

"Hapana."

"Kidogo tu, cha kuonja?"

"Hapana."

"Kimeshapakuliwa, mama, nitampa mbwa..."

"Mpe mbwa! Nimesema hapana. Hayo ni masikio au vishikio vya kichwa?"

Kijiko kilipita karibu na bega la Shiny kikaangukia kwenye maua. Attracta, aliyekuwa amerudi kuona hali, alikiokota yeye mwenyewe. Alielewa kwamba ameondoa sheria moja mbaya na Noreen ameweka nyingine. Kuna anayesema hapana akimaanisha hapana, kuna anayesema hapana kwa malezi yake, na hakuna fomu duniani inayoweza kuwatenganisha.

"Acheni kuuliza," akasema.

"Tusiulize kabisa?" Noreen akamwuliza. "Hiyo ndiyo Bridie Mannion."

"Bridie alilisha. Mimi sitaki mumlishe mtu. Nisaidie kusukuma meza."

Walizisukuma meza zote zikawa moja ndefu. Mchana ulipofika chakula hakikupakuliwa jikoni. Kililetwa kwenye mabakuli makubwa yakawekwa katikati: viazi na maganda yake, karoti, nyama iliyokatwa, mabuli mawili ya chai. Wahudumu wakaambiwa wakae pembeni ukutani, wawasaidie tu wasioweza kushika kijiko na wale wenye vyakula laini. Wazee wakakaa. Wakayatazama mabakuli. Mvuke ukapanda. Kila mmoja alikunja mikono akamsubiri mwenzake, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza. Shiny alinong'ona kwamba sasa watakufa wote kwa pamoja.

Bi. Concepta alivumilia kwa kadiri mtu wa posta anavyoweza kuvumilia foleni isiyosogea.

"Mnamngoja askofu?" akasema. Akavuta bakuli la viazi mbele yake, akashika kijiko kikubwa. "Lete sahani, wewe. Na wewe. Malachy Tuohy, sahani."

"Aa, hapana, Concepta, mimi niko..."

"Sikukuuliza. Nimesema sahani."

"Viwili tu basi."

"Vitatu. Mkeo alikuwa ananunua stempu kwangu kila Ijumaa, alijua nilivyo. Vuta siagi hiyo. Usile kama umeiba."

Aliyekuwa kulia kwa Malachy akamsukumia karoti, naye akamsihi huyo mwenzake achukue nyama, na huyo akakataa, na Malachy akamsihi tena, na tena, kwa ufundi mkubwa. Chumba kikajaa makelele ya watu wanaolazimishana. Attracta alikaa kwenye kona na kalamu yake, hakuandika. Aliniambia kwamba kwenye fomu hakukuwa na kisanduku cha kulitia jambo lile.

Alhamisi Fergal alifika kutoka Dublin na gari kubwa na blanketi, kumpeleka baba yake hospitali. Noreen alikuwa amempigia simu mara mbili, hakupokea. Alidhani ni habari mbaya, na habari mbaya alitaka kuzikuta mwenyewe. Alisimama mlangoni mwa chumba cha kulia na blanketi mkononi. Baba yake alikuwa mezani, tai imewekwa begani isiingie kwenye mchuzi.

"Baba, unakula."

"Kidogo tu. Kwa kumridhisha Concepta."

"Nimekuuliza miezi yote hii! Kila Jumapili! Unakula, baba? Unaniambia unakula kupita kiasi!"

"Uliuliza, mwanangu," Malachy akasema, akimenya kiazi. "Hukupakua."

Fergal akamgeukia Attracta, kwa kuwa ndiye pekee aliyekuwa na beji shingoni. Uso ulikuwa mwekundu. "Kwa hiyo alikuwa na njaa tu? Ndiyo ugonjwa wenyewe? Nani anawajibika hapa?"

"Mimi," Attracta akasema. "Imeandikwa. Nitakupa nakala. Daktari ameambiwa, na kwa maoni yake mrija usubiri wiki mbili, apimwe kila siku. Lakini hospitali inataka neno lako, wewe ndiye uliyeomba."

Fergal alikuwa bado na maneno, yalionekana yakipanda. Bi. Concepta akamgongea meza kwa kijiko.

"Bwana wa Dublin, kaa au utoke kwenye mwanga. Karoti zinapoa."

Akakaa. Akashika sahani akajipakulia bila kungoja hata karibisho moja. Amekaa Dublin muda mrefu. Hakula. Alikuwa akimtazama baba yake akimenya kiazi kingine kwa kisu, taratibu, ganda likitoka kipande kimoja. Kisha akatoa simu na kuwapigia hospitali. Akawaambia yeye ni mtoto wa Malachy Tuohy, kwamba walikuwa na nafasi ya saa tisa, na kwamba baba yake hatakuja kwa sababu yuko mezani. Akasikiliza kidogo.

"La," akasema. "Bado hajamaliza."